Nesi, ninunue kiwanja cha bondeni?

1

Kwa wageni: mimi ni nesi, nafanya kazi Dar es Salaam, na nikitoka zamu huwa naandika hapa jambo moja linalonisumbua. Mara nyingi ni presha, uzazi au watoto. Leo ni kiwanja. Usiondoke, tutafika wodini sasa hivi.

Kuna dada mmoja amenitumia ujumbe. Amepata kiwanja bondeni, bei nzuri, kimekaa karibu na barabara. Dalali amemwambia akimwaga tripu kumi za kifusi kitakuwa sawa na vingine. Anauliza: "Nesi, maji ya pale yanaweza kuleta magonjwa kwa watoto?"

Dada yangu, jibu fupi ni: usinunue. Jibu refu ni hili hapa chini, na ndani yake kuna kosa langu mwenyewe. Nimeona nisikujibu kwa siri kwa sababu najua hauko peke yako.

2

Mimi nilinunua. Ilikuwa kwa mkopo wa saccos, kiwanja cha ishirini kwa ishirini kwenye kijibonde kimoja kinachopeleka maji Mto Msimbazi. Dalali alinipeleka mwezi wa tisa. Huo ndio ujanja wao wa kwanza, ushike: kiwanja cha bondeni hakionyeshwi mwezi wa nne. Mwezi wa tisa pale palikuwa pakavu, watoto wanacheza mpira, kwa mbali kuna matete yanapunga upepo. Nikajiambia, jamani mimi nimepata.

Nikamwaga kifusi tripu kumi na nne. Nikajenga vyumba viwili na kuhamia. Masika ya kwanza yakaja na uwanja wangu ukabaki mkavu. Nilijisifu kweli. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai naangalia maji yanapita pembeni, nikaona nimeishinda mvua.

Yalikuwa yanapita kwenda wapi? Sikuuliza.

3

Yalikwenda kwa mama mmoja, jirani yangu wa chini. Yule mama aliishi pale miaka mingi kabla yangu. Maji yalikuwa yakija hadi kwenye ngazi yake, yanakaa siku mbili tatu, yanaondoka. Mwaka ule yaliingia ndani mpaka kwenye godoro.

Na yalikuwa maji ya namna gani? Unajua wenyewe tunavyofanya mjini, mvua ikikolea usiku kuna watu wanatapisha vyoo. Wanatoboa shimo, uchafu unaondoka na maji, wanaokoa hela ya gari la maji taka. Ule uchafu haupotei. Unaenda kwa mtu.

Siku ya tatu niko zamu ya usiku, analetwa mtoto. Anahara kama maji ya mchele, macho yamedidimia, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole sana. Namtafuta mshipa, sioni. Nainua kichwa kumuuliza mama yake mtoto ameanza lini, ndiyo namtambua. Jirani yangu.

Mtoto alipona. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini alfajiri, dripu ikiwa inakwenda vizuri, yule mama aliniambia kwa upole tu: "Nesi, mwaka huu maji yamekuja mpaka ndani. Sijui kwa nini."

Mimi nilijua kwa nini. Nikanyamaza, nikajifanya narekebisha dripu.

4

Tupige hesabu pamoja, kwa sababu mimi niliipiga nikiwa nimeshachelewa. Tuseme lori moja linabeba mita za ujazo 7. Tripu kumi na nne ni mita za ujazo 98. Hiyo ni nafasi ya lita 98,000 za maji, sawa na matangi 98 ya lita elfu moja. Mvua ikinyesha, yale maji yaliyozoea kukaa pale hayajafutika kwa sababu mimi nina hatimiliki. Yanatafuta pa kukaa. Yakamkuta mama wa watu.

Hapo ni kiwanja kimoja. Sasa hesabu viwanja vya bonde zima.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema "nimeinua kiwanja changu, maji hayaji tena", mimi sisikii habari njema tena. Nasikia kuna mtu wa chini yake amepelekewa maji.

5

Sasa tuelewane ni kitu gani tunachokijaza. Kwa Kiswahili cha vitabuni inaitwa ardhi oevu. Mtaani tunaita bonde, kinamasi, tingatinga, dimbwi, na kule pwani mikokoni. Ni mahali ambapo maji ndiyo mwenye nyumba, hata kama kuna miezi hayupo nyumbani.

Mkataba wa dunia kuhusu ardhi hizi ulisainiwa tarehe 2 Februari 1971 kwenye mji wa Ramsar, Iran, ndiyo maana kila tarehe hiyo ni Siku ya Ardhi Oevu Duniani. Kwenye mkataba ule, ardhi oevu ni pamoja na sehemu yenye maji ya kudumu na yenye maji ya msimu, maji baridi na ya chumvi, ya asili na iliyotengenezwa na watu. Hata jaruba la mpunga limo. Tanzania iliingia mwaka 2000 na ina maeneo manne kwenye orodha ile: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na pwani ya Rufiji, Mafia na Kilwa.

Lirudie hilo neno "msimu". Kuwa pakavu mwezi wa tisa hakukufanyi pawe si bonde. Ni kama mgonjwa wa pumu, ukimkuta siku anapumua vizuri huwezi kusema amepona.

Na si lazima liwe kubwa kama Kilombero ndipo liheshimiwe. Kijibonde changu hakipo kwenye orodha yoyote, lakini kazi kilikuwa nayo.

6

Kazi ya kwanza ni kupunguza kasi. Nieleze kinesi. Mgonjwa akihitaji lita moja ya dripu, kuna wakati tunaikimbiza, lakini kwa wengi tunahesabu matone. Ukimfungulia mtoto mdogo mwenye utapiamlo chupa yote kwa mkupuo unaweza kumuua, moyo hauwezi kuhimili. Maji ni yaleyale, dawa ni ileile. Tofauti ni kasi.

Bonde ndilo kile kigurudumu tunachozungusha kwenye mpira wa dripu. Mvua inashuka kwa fujo kutoka milimani, matete na udongo vinaipokea, inatandaa, inapoa, halafu inaachiwa kidogo kidogo. Ukiondoa bonde, umekifungua kigurudumu chote.

Madhara yako pande mbili, na watu wengi wanaona upande mmoja tu. Masika ni mafuriko. Kiangazi ni ukame, kwa sababu hakuna akiba iliyobaki ya kuachia. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Kuanzia 1993 ukawa unakatika kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wanabanana kwenye vidimbwi, na sababu kubwa ni jinsi maji yalivyokuwa yakichotwa na kutumika huko juu, kwenye tambarare ya Usangu na kinamasi chake cha Ihefu.

Na usidhani hilo ni la viboko. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji yanatoka Bonde la Kilombero, na Rufiji ndiyo inayojaza Bwawa la Julius Nyerere. Kwa hiyo lile friji la chanjo pale kliniki, na taa ya chumba cha kujifungulia saa nane usiku, sehemu ya umeme wake inaanzia kwenye matope ya Kilombero. Mimi nimeshika tochi ya simu kwa meno nikimzalisha mtu. Habari za umeme naziheshimu.

7

Kazi ya pili ni kuchuja. Maji yakipunguza kasi, udongo na uchafu vinazama. Mizizi ya matete na mafunjo imejaa vijidudu visivyo na madhara kwetu vinavyokula uchafu. Mimea nayo inachukua mbolea iliyomo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi miaka mingi ya kutengeneza vinamasi vidogo vya matete kwa ajili ya kusafisha maji taka. Yaani mtu analipwa kujenga kile ambacho mimi nililipa kukifukia.

Jirani zetu wa Kampala wanalijua hili vizuri. Maji machafu ya mji yanapita kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Na maji ya kunywa ya mji huohuo yanachotwa Ggaba, ghuba ileile. Kati ya choo cha mji na bomba la mji kuna mafunjo. Kadiri kinamasi kinavyolimwa na kujengwa, mzigo unahamia kwenye mitambo na dawa za kusafishia maji, na bili hiyo haina pengine pa kwenda ila kwa mnywaji.

Lakini nisikudanganye. Wanaosema "bonde ni figo la mji" wasiishie hapo. Sisi wauguzi tunajua figo nalo huchoka. Ukilipa sumu kila siku linakufa. Msimbazi inashuka kutoka Pugu hadi baharini pale Daraja la Salenda, na njiani tunaimwagia vyoo, mafuta ya gereji na taka za kila aina. Bonde haliwezi kusafisha yote hayo, na metali nzito halizimalizi, zinabaki kwenye tope. Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu mchicha unaomwagiliwa maji yale, mimi silisifii bonde, nakwambia huo mchicha nisingempa mtoto. Kulinda bonde si ruhusa ya kulifanya shimo la taka.

8

Najua mtakachosema sasa: "Nesi, na mbu je? Si bora tufukie tu?"

Swali zuri, na sitalikwepa. Ndiyo, kwenye vinamasi kuna mbu. Kwenye maji yaliyotuama kuna konokono wa kichocho pia. Kuishi ndani ya bonde hakufai, na ndiyo maana nakwambia usinunue.

Lakini tuwaangalie mbu kwa majina. Mbu wa malaria tuliyemzoea anapenda vidimbwi vidogo, vya maji yasiyo machafu sana, vinavyopigwa jua: alama ya tairi la lori, kishimo kilichochimbwa udongo wa tofali. Mbu wa matende anapenda maji machafu ya mashimo ya choo na mitaro iliyoziba. Mbu wa dengue anataga kwenye matairi, makopo na ndoo za uani. Dengue iliyotukamata hapa Dar mwaka 2014 na tena 2019 haikutoka kwenye matete. Ilitoka nyumbani kwetu.

Kwa hiyo ukifukia bonde kwa kifusi unapata mashimo, mitaro iliyoziba, vyoo vinavyofurika na makopo. Umewajengea mbu wote watatu. Kule Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, watafiti walipima joto kando ya vinamasi vya mafunjo ya asili na kando ya vinamasi vilivyofyekwa na kulimwa. Vilivyolimwa kulikuwa na joto zaidi. Na joto likipanda, vimelea vya malaria hukomaa haraka ndani ya mbu.

9

Jambo la pili mtakalosema ni zito zaidi: "Unasema usinunue kwa sababu wewe una mshahara. Maskini aende wapi?"

Hapa nainamisha kichwa. Hakuna anayeamka asubuhi akasema anatamani kulala mabondeni. Watu wako pale kwa sababu ni karibu na kibarua, karibu na soko, na bei wanaiweza. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 mjini hapa. Waathirika walipewa viwanja Mabwepande. Wako waliokwenda wakabaki, na wako waliorudi, kwa sababu kiwanja peke yake hakikupi nauli ya kwenda kazini.

Na kuna uchungu mwingine. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 za kingo za mto, ufukwe au ziwa. Lakini alama ya bomoa tunaizoea kwenye kibanda cha tope. Kwenye ukuta mrefu wenye geti huioni mara nyingi. Sheria ikiwa na macho ya kuchagua, watu wanajifunza kwamba dawa ya bonde ni kujenga kikubwa. Hiyo si haki, na pia haisaidii, maana ukuta mkubwa unasukuma maji mengi kuliko kibanda.

Sasa hivi serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, ina mradi wa Bonde la Msimbazi wa mamia ya mabilioni ya shilingi: watu wanalipwa fidia wahame, mto upanuliwe, pale Jangwani pawe bustani na maji yapate nafasi. Mimi naunga mkono. Lakini elewa maana yake. Tunakopa, na wanetu watalipa, ili tupate tena nafasi ambayo tulikuwa nayo bure. Na wakati kule chini tunanunua bonde upya, huku juu kwenye vijito madalali wanauza mabonde mengine kwa mtu kama wewe na mimi.

Maoni yangu ni haya: kibali cha kujaza kifusi bondeni kichukuliwe kama kibali cha kuhatarisha afya za watu, na asaini mtu anayejulikana kwa jina. Tusimbane mnunuzi peke yake. Aliyeuza, aliyegonga muhuri mtaani, na mwenye malori ya kifusi wote wawemo. Na fidia ya anayehama ifike kabla ya tingatinga kufika.

10

Dada uliyeniuliza, na wengine wote mnaotafuta kiwanja, fanyeni hivi:

Nenda mwezi wa nne, siku ya mvua, si siku ya jua. Kama dalali anakataa, umeshapata jibu.

Angalia kuta za nyumba za jirani. Mstari wa tope ukutani hausemi uongo.

Muulize bibi au mzee aliyekaa pale muda mrefu, dalali akiwa hayupo. Uliza, "Maji yalifika wapi mwaka ule mbaya?"

Angalia majani. Matete na mafunjo hayaoti pasipo na maji.

Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uulize matumizi ya eneo hilo kwenye mipango miji. Barua ya serikali ya mtaa peke yake haitoshi.

Na ninyi ambao tayari mnaishi huko, siwahukumu, mimi ni mwenzenu. Msiinue uwanja kwa kifusi, inueni kizingiti na vitanda. Msitapishe choo, narudia, msitapishe choo. Mafuriko yakija, maji ya kunywa yachemsheni au wekeni dawa. Vaa viatu unapopita kwenye maji, mkojo wa panya na wanyama unaleta homa ya mgunda, ile iliyoua watu Lindi mwaka 2022. Wekeni pakiti za ORS ndani kabla ya masika: pakiti moja, lita moja ya maji safi na salama. Mtoto akihara mpe kidogo kidogo huku mnakuja kituoni, msisubiri asubuhi.

11

Mtaniuliza, na wewe kiwanja chako kiko wapi?

Kipo. Sijakiuza. Nimefuatwa na madalali mara nne, na kila nikifikiria kumuuzia mtu naona sura ya yule mtoto. Nimehama, nimepanga chumba mahali pa juu. Mkopo niliulipa miaka mitano kwa ardhi ambayo leo ina matete.

Kabla sijahama nilikwenda kwa yule mama. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamwambia: mama, maji yale mimi ndiye niliyekuletea. Nikamweleza habari ya kifusi. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani atanifukuza. Akasema, "Mwanangu aliumwa, na wewe ndiye uliyemtibu. Sijui nikuweke wapi." Kisha akasema, "Basi njoo na jembe."

Tulichimba wikiendi sita, mimi, yeye na vijana wawili wa kulipwa. Hatukutoa kifusi chote, lakini tulirudisha mfereji pale ulipokuwa. Masika iliyofuata maji yalifika kwenye ngazi yake, yakakaa siku mbili, yakaondoka. Nilimpigia simu asubuhi kumuuliza. Akanijibu yupo anafagia.

Mtumie post hii mtu yeyote unayejua anatafuta kiwanja cha bei poa. Kesho niko zamu ya mchana. Maswali acheni kwenye maoni, nitajibu nikitoka.